Mrejesho: Mipangilio ya WeeWX baada ya kuhama toleo la 4 kwenda la 5

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini, baada ya kuweka toleo la 5 la WeeWX (programu inayokusanya na kuonyesha data za kituo cha hali ya hewa), kituo changu cha chapa ya Fine Offset kilichopo Morogoro kilionyesha hali ya hewa isiyofanana hata kidogo na ya nje, huku kumbukumbu za miaka mitatu zikiwa hazionekani. Tatizo limekwisha, na kosa lilikuwa langu.

Niliweka programu kwa pip (kisakinishi cha programu za Python), kisha nikaendesha amri ya weectl station create, ambayo ilitengeneza folda mpya ya weewx-data yenye faili lake la mipangilio, nami nikakubali kila jibu lililopendekezwa bila kusoma. Kwa hiyo kiendeshi (sehemu ya programu inayosoma kituo) kikawa Simulator, ambacho hubuni takwimu za majaribio, na mwinuko ukawa sifuri. Kumbukumbu zangu zilikuwa salama wakati wote ndani ya folda ya zamani, /home/weewx, ila hakuna aliyeziuliza.

Nilisimamisha huduma, nikanakili folda yote ya zamani kwenye diski ya nje, kisha nikaendesha amri ya weectl station upgrade nikiielekeza kwenye weewx.conf, faili la mipangilio la zamani. Thamani zangu zilibaki. Hata hivyo nilikagua kwa macho mwinuko, kwa sababu mgandamizo wa hewa wa usawa wa bahari hukokotolewa kutokana nao, pamoja na target_unit (mfumo wa vipimo vya kuhifadhia data), ambayo lazima ilingane na vipimo vilivyomo tayari kwenye hifadhidata.

Folda ya weewx-data nimeifuta. Grafu zimerudi, isipokuwa pengo la siku mbili.