Vocha zangu za waifai zimeanza kujirudia, nisaidieni

fundi_vocha
Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda cha stesheneri hapa Morogoro, jirani na hosteli za wanafunzi, na pembeni nauza intaneti kwa vocha. Shilingi 500 kwa saa 24. Mteja akilipa, nabonyeza Enter, printa ya risiti inatema karatasi yenye herufi na tarakimu sita. Programu nimeiandika mwenyewe kwa lugha ya Python, msinicheke (sehemu ya ruta nimeiondoa):

```
import random, string
random.seed(2023)
herufi = string.ascii_uppercase + string.digits
while True:
    input("Bonyeza Enter ")
    print("".join(random.choices(herufi, k=6)))
```

Imekwenda vizuri tangu Machi. Umeme ulikuwa ukikatika, betri ya laptopu inanivusha. Wiki iliyopita betri ikafa kabisa. Juzi asubuhi kijana kaja kanuna: vocha yake inasema imeshatumika. Nikajua usanii huu. Nikamtolea nyingine mbele yake, nayo vilevile! Kila vocha huwa naiandika daftarini kwa peni, basi nikaanza kupekua. Nikazikuta zote mbili ukurasa wa kwanza kabisa, zimefuatana, za Machi. Sasa herufi 26 na tarakimu 10 ni alama 36, na 36 kipeo cha 6 ni zaidi ya bilioni mbili. Zinagonganaje?

nukta_mkato
Mkuu, mchawi wako yuko mstari wa pili. Kompyuta hapo haibahatishi, inakokotoa kuanzia kwenye mbegu (seed), yaani hiyo 2023. Mbegu ileile, mlolongo uleule. Betri ilipokufa programu ikaanza upya, ikarudi ukurasa wa kwanza wa daftari lako. Wanaofundisha huweka mbegu makusudi ili darasa zima lipate jibu moja. Dukani haina kazi. Futa.

fundi_vocha
Duh. Nimefuta, nimezima na kuwasha mara tatu, kila mara zinatoka tofauti. Hiyo 2023 niliinakili kwenye video nikidhani ni mwaka tu wameandika.

binti_wa_bandarini
Pole kaka, ila usifunge daftari bado. `random` ya Python inatumia Mersenne Twister, mbinu ya kukokotoa namba za kubahatisha ya Wajapani Matsumoto na Nishimura. Ni nzuri kwa michezo na takwimu, lakini haikuundwa kutunza siri: anayepata namba zake 624 mfululizo, nzima nzima, anaweza kukokotoa zote zinazofuata. Kwa vipande vya herufi kama vyako kazi inakuwa ngumu zaidi, lakini umesema jirani zako ni wanafunzi, na wanafunzi wana muda. Tumia `secrets`, ipo tangu Python 3.6, inachota namba za kubahatisha kwenye mfumo wenyewe wa kompyuta:

```
import secrets
herufi = "ABCDEFGHJKLMNPQRSTUVWXYZ23456789"
vocha = "".join(secrets.choice(herufi) for _ in range(6))
```

Nimeondoa O, 0, I na 1. Karatasi za risiti zikififia hakuna anayezitofautisha, na utashinda unagombana na watu kwa ajili ya duara.

Halafu, kubahatisha si sawa na kutojirudia. Hapo una michanganyiko 1,073,741,824, lakini ukishatoa vocha kama 38,600 tu, uwezekano wa mbili kufanana mahali fulani ni nusu kwa nusu. Hifadhi ulizokwisha kutoa kwenye faili, na kabla ya kuchapa angalia kama ipo. Ikiwepo, toa nyingine.

mzee_wa_terminali
Nyongeza moja kutoka kwa aliyeungua. Ondoa irabu zote. Maneno yetu ni konsonanti na irabu, konsonanti na irabu, kwa hiyo herufi za kubahatisha hazichelewi kuandika tusi. Kuna mama aliwahi kunirudishia karatasi kaishika kwa ncha za vidole, haniangalii usoni. Nikaisoma, nikatamani ardhi inimeze. Tangu siku hiyo A, E na U hazimo kwangu. Unabaki na alama 29, michanganyiko 594,823,321. Kwa kibanda inatosha sana.

fundi_vocha
Mzee umeniua 😂. Nimeweka `BCDFGHJKLMNPQRSTVWXYZ23456789`, na faili la zilizotoka programu inalisoma kila inapowaka. Vocha za daftari nazo nimeziingiza kwa mkono, jana usiku mpaka saa saba. Kijana nimemrudishia 500 yake na siku moja ya bure. Kaniuliza kama nilidhani ananidanganya. Nimemwambia hapana.