Kuidhinisha LPO kwa barua pepe: tujenge programu juu yake au tutafute mfumo mpya?

Karani wa Stoo, Industrial Area
Wadau, salamu. Ninatunza stoo ya vifaa vya ujenzi, na LPO zetu zote, yaani hati za kuagizia bidhaa kwa muuzaji, huidhinishwa kwa barua pepe: mimi huandika, mhasibu na meneja hujibu, kisha muuzaji hutumiwa. Wiki iliyopita mhasibu alipunguza saruji kutoka mifuko 200 hadi 120, lakini meneja, aliyekuwa safarini na hajaliona jibu hilo, akaidhinisha 200 kwa kujibu barua ya kwanza. Lori lilipofika nilisimama langoni na karatasi mbili zinazopingana. Mkurugenzi hataki mfumo mpya kwa kuwa watu wamezoea barua pepe. Je, inawezekana kujenga utaratibu wa idhini juu ya barua pepe yenyewe?

Fundi wa Mifumo
Inawezekana, ndugu, mradi barua pepe iachiwe kazi ya kupeleka habari tu. Kila jibu ni nakala inayojitegemea, ndiyo maana hapakuwa na mahali pamoja palipoonyesha LPO imefikia wapi. Iandike kila LPO katika jedwali la pamoja, yenye nambari, kiasi na hali yake, na barua imletee meneja kiungo cha kuidhinishia humo. Ikiwa mnatumia Gmail, Apps Script, zana ya Google ya kuandikia programu ndogo, inatosha kuanzia, ila programu hukatizwa ikipita dakika 6, kwa hiyo usiiagize ipekue kikasha kizima kwa mkupuo.

Mzee wa Domino
Nakubaliana na Fundi, isipokuwa kuhusu kiungo: meneja aliye mahali pasipo mtandao hatakifungua. Nilitunza Lotus Notes kwa miaka mingi, programu ya barua pepe na hifadhidata iliyotoka mwaka 1989, na tatizo hili tulikuwa nalo kila siku, kwa kuwa kila mtu alikuwa na nakala ya hifadhidata kwenye kompyuta yake, akifanya kazi bila mtandao kisha nakala zikilinganishwa baadaye. Watu wawili walipobadilisha waraka mmoja, Notes haikuifuta kazi ya yeyote. Ilihifadhi toleo la pili chini ya la kwanza, likiwa na alama ya mgongano, ili binadamu aamue. Hilo ndilo ninalokusihi uige. Mhasibu awe na safuwima yake na meneja yake, asiwepo wa kuandika juu ya mwenzake, na viwango vikitofautiana LPO isitoke.

Tena, usiitambue LPO kwa kichwa cha barua. Watu hujibu barua ya mwezi jana kuanzisha jambo jipya.

Karani wa Stoo, Industrial Area
Asante sana, Mzee, nawe Fundi. Nimetengeneza jedwali lenye safuwima mbili na kulijaribu kwa LPO moja ya nondo: mhasibu ameandika 40, meneja 60, na barua ya muuzaji haikutoka. Kesho ninamwonyesha mkurugenzi.