Usawa ukiongezeka kipigo kinapungua? Mbona Denmark inatuumbua?

FundiSaa: Tumezoea kuambiwa kwamba jamii inayomdharau mwanamke ndiyo inayozaa kipigo cha nyumbani. Haya. Umoja wa Ulaya uliwahoji wanawake 42,000 katika nchi 28, matokeo yakatoka 2014. Waliosema wamewahi kupigwa au kuingiliwa kwa nguvu na mwenza tangu walipofika miaka 15 walikuwa asilimia 22 kwa wastani. Denmark 32, Finland 30, Sweden 28. Poland 13. Hizo tatu nilizotaja kwanza ndizo tunazoimbiwa kila siku kuwa vinara wa usawa. Nielezeni, tena polepole.

Ukakasi: Mwanamke wa Denmark akisukumwa ukutani anasema nimefanyiwa ukatili. Wa kwingine anasema tuligombana kidogo. Hapo umepima midomo, hujapima ngumi.

FundiSaa: Hiyo imeshajaribiwa. Mwaka 2019 watafiti walilinganisha Sweden na Hispania kuona kama maswali yanaeleweka sawasawa pande zote mbili. Pengo lilibaki, Sweden ikiwa juu.

JogooLaShamba: Niseme mnachoogopa kusema. Mke akianza kumzidi mume mshahara, nyumba inayumba. Usawa wenyewe ndio unaoleta fujo. Na dada Ukakasi apunguze hasira, tunajadili takwimu hapa.

Ukakasi: Nionyeshe neno moja la hasira. Na nani kakwambia mimi ni dada?

JogooLaShamba: Maandishi yanajieleza.

Ukakasi: Nina ndevu mpaka kifuani, bwana. Hoja imekuchoma, ukaiita hasira, halafu ukaivisha gauni ili iwe nyepesi. Mada ndiyo hiyo, umeionyesha bila kuombwa.

MamaMapacha: Hahaha, ndevu zimeokoa hoja! Ningeandika mimi yaleyale ningeambiwa nikanywe maji nitulie. Ila Jogoo hajakosea yote. Kuna uchambuzi wa 2015 wa nchi 44: mwanamke mwenye kipato chake alikuwa hatarini zaidi, hasa kule ambako wanawake wachache ndio wanaofanya kazi ya malipo. Wa kwanza kutoka ndiye anayepigwa mawe. Na yaliyojitokeza sana katika uchambuzi huo ni nchi ambazo watu wanaona kipigo ni haki ya mume, na ambazo sheria inamnyima mwanamke ardhi na mali. Asiye na pa kwenda anavumilia.

JogooLaShamba: Mmesikia? "Jogoo hajakosea."

Ukakasi: Umesoma maneno mawili ukaacha mengine.

MwalimuMstaafu: Wanangu, mnamlaumu mwanamume peke yake. Zile tafiti za afya ya kaya zinauliza: ni halali mume kumpiga mkewe akiunguza chakula, akibishana, akitoka bila kuaga, akitelekeza watoto, akimnyima unyumba? Katika nchi nyingi wanawake ndio wanaoitikia "ndiyo" kuliko wanaume. Mfumo dume huo ni wa nani?

MamaMapacha: Shikamoo mwalimu. Niliyelelewa ndani ya swali hilo unategemea nijibu nini? Binti aliyemwona mama yake akipigwa kwa sababu ya sufuria hatasema ni haramu. Na mbele yake anayemuuliza ni mgeni, mume naye yuko ua wa nyuma.

MwalimuMstaafu: Marahaba. Lakini sikusema wewe.

MamaMapacha: Ulisema "wanawake", mwalimu. Mimi ni nani?

KimyaKingi: Na wanaume wanaopigwa je? Hakuna anayewataja. Wanawake 140 wanauawa na waume zao kila siku, sawa, na sisi?

FundiSaa: Si waume peke yao. Ile 140 kwa siku ya mwaka 2023 ni wenza *na ndugu* kwa pamoja, jumla yao 51,100 kwa mwaka, wanawake na wasichana. Kati ya wanawake wote waliouawa kwa makusudi, asilimia 60 waliuawa na watu wao wa karibu. Kwa wanaume ni kama 12. Wanaume wengi wanauawa nje, na wanaume wenzao. Wapo wanaopigwa na wake, wasikilizwe, lakini usisawazishe.

MamaMapacha: Kabla hatujapotea kabisa: Kampala watafiti na wanaharakati walichukua mitaa 4, wakawafundisha wakazi wa kawaida wazungumze na majirani kuhusu nani ana nguvu na anaitumiaje. Mitaa mingine 4 ikasubiri. Matokeo ya 2014: wanawake waliopigwa na wenza mwaka uliotangulia walikuwa pungufu kwa asilimia 52 kuliko kule kwingine. Hawakusubiri wawe Denmark. Mnasemaje?

JogooLaShamba: Mimi bado nadai huyu Ukakasi athibitishe ndevu.

KimyaKingi: Nani kasema nasawazisha? FundiSaa unaniwekea maneno mdomoni.

JogooLaShamba: Na kwa taarifa yenu, mke wangu ananizidi mshahara mwaka wa sita huu na sijawahi kumgusa.

FundiSaa: Kwa hiyo mshahara hauleti kipigo?

JogooLaShamba: Mimi nina subira. Nazungumzia wengine.

Ukakasi: Na pesa za matumizi nani anaomba kwa nani?

JogooLaShamba: Hayo ni ya ndani, dada.

Ukakasi: DADA TENA!