Parafujo, vikombe vya ujazo au mizani na kijiko: kipi kitanipa pakiti za kahawa zenye uzito sawa?

Binti Kibosho (Moshi)
Habari zenu wanajukwaa. Ninasaga na kufungasha kahawa ya Arabika hapa Moshi, na hadi sasa tunapima kwa kijiko na mizani ya mezani. Nataka kununua kifaa kabla ya mwezi kwisha, nami nimekwama kati ya mashine ya parafujo yenye mota (skrubu kubwa inayozunguka na kusukuma unga hadi kwenye pakiti), mashine ya vikombe inayopima kwa ujazo, au kuongeza mizani ya pili na mfanyakazi mmoja. Pakiti zangu zinapishana uzito na jambo hilo linaninyima usingizi. Mnanishauri nini?

Fundi Majengo
Dada, umeacha yale yaliyo muhimu zaidi. Pakiti ni ya gramu ngapi, unajaza ngapi kwa siku, unga ni laini au chengachenga, na mizani yako inasoma kwa hatua ya gramu ngapi? Mizani inayoruka gramu 5 kwa 5 haitakuonyesha kosa la gramu 2 hata ukiikodolea macho kutwa nzima.

Binti Kibosho
Naomba radhi. Pakiti ni ya gramu 50, tunajaza kama 300 kwa siku, unga ni laini, na mizani inasoma gramu moja moja. Jana nilipima pakiti 10 kwa pamoja nikapata gramu 504, nikafurahi. Nilipozipima moja moja, nyepesi kabisa ilikuwa na 47 na nzito kabisa 54.

Mzee wa Njiro (Arusha)
Hapo ndipo wengi wetu tunapodanganyika, binti yangu, kwa sababu pakiti nzito huifichia aibu ile nyepesi, ilhali mteja hanunui wastani, ananunua pakiti moja. Chukua parafujo. Mimi nafungasha viungo kwa parafujo mwaka wa sita sasa. Sharti lake ni tangi la juu: likijaa pomoni, unga wa chini hushindiliwa na pakiti zinakuwa nzito, likibaki robo, unga unashuka umelegea na pakiti zinapungua. Nalijaza hadi nusu, na kila baada ya pakiti 20 naongeza kidogo.

Mama Pilipili
Mimi nina ushuhuda wa mashine ya vikombe. Niliinunua ikiwa imeshatumika, nikairekebisha asubuhi moja kwa kahawa iliyochomwa wastani, na kila pakiti ikatoka na gramu 50 au 51. Siku tatu baadaye kijana wangu alichoma mzigo mwingine hadi ukawa mweusi unaong'aa mafuta, nasi tukajaza kwa kipimo kilekile bila kupima tena, kwa sababu tuliiamini mashine. Hatukujua kwamba kahawa ikichomwa sana punje huvimba na kupoteza maji, hivyo kikombe kilekile hubeba uzito mdogo. Mwenye duka mmoja wa Arusha aliweka pakiti yangu kwenye mizani yake mbele ya wateja wawili, namba ikacheza kidogo kisha ikatulia kwenye 44, na uzito wa karatasi ya pakiti ukiwa ndani ya hesabu hiyo. Alirudisha katoni mbili, na hajaagiza tena hadi leo.

Mlenga Shabaha
Poleni, mama. Niliwahi kuishi Uingereza na mwenye nyumba wangu alikuwa akijijazia risasi za marisau kwa kibali, na mashine yake ilipima baruti kwa ujazo kama hiyo yenu. Baruti ya ganda moja haikufika gramu 2, kwa hiyo hakufanya mzaha. Kila alipofungua kopo jipya alipima upya kwa mizani, akarudisha tangini vipimo kadhaa vya kwanza, na aliuvuta mkono wa mashine kwa mwendo uleule, kwa kuwa mtikisiko wa meza hushindilia unga. Kwa nidhamu hiyo vikombe vinatosha kabisa.

Fundi Majengo
Hapo napingana nawe, ndugu. Chembe za baruti hutengenezwa ili zitiririke, lakini kahawa laini ina mafuta, hugandana na kuning'inia kwenye kuta za tangi. Ningependekeza dada ajaze kwa ujazo hadi gramu 48, kisha amalizie kwa kijiko juu ya mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, feni ikiwa imezimwa. Akizidisha gramu 2 tu kwa pakiti 1,000, amegawa bure kilo 2, yaani pakiti 40.

Mama Pilipili
Na mizani hiyo iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Ile midogo ya jikoni isiyo na stika haifai kwa biashara, hata kama namba zake zinapendeza.

Mzee wa Njiro
Kumalizia kwa kijiko pakiti 300 kila siku ni kumchosha mtu bure. Akifika saa tisa alasiri jicho limechoka, na tofauti zinarudi palepale.

Binti Kibosho
Nawashukuru nyote. Bado sijaamua, maana naona hata parafujo itahitaji mizani pembeni. Mzee wangu, je, nikija Jumamosi na kilo 3 za kahawa yangu, utaniruhusu niijaribu kwenye mashine yako?

Mzee wa Njiro
Karibu sana. Lete mizigo miwili, mmoja uliochomwa kidogo na mwingine uliochomwa sana, na uje na mizani yako tuilinganishe na yangu kwanza.