Kwa wapenzi wa fidla ya Ayalandi na Uskoti: kile kisa kabla ya tuni ni cha kweli au mbwembwe?

Msikilizaji_Tu
Wakuu habari za usiku. Kuna kitu kinanisumbua wiki ya pili sasa. Nimezama kwenye video za wazee wa Ayalandi na Uskoti wanaopiga fidla, yaani hadi mpira nimesahau. Sasa nilichogundua, mzee anakaa, fidla ameilaza mapajani, anapiga stori dakika tano nzima, sijui hii tuni ilitoka kwa viumbe wa kilimani, wale wa ngano wanaoitwa fairies, sijui mwenye nayo alinyongwa, ndo anapiga, na yenyewe haina neno hata moja na inaisha hujakaa vizuri. Kuna moja inaitwa The Gold Ring, eti kiumbe kapoteza pete yake, mwanamuziki akaiokota akairudisha, akazawadiwa tuni. Tamu balaa. Ila najiuliza, hizi stori zilikuwepo toka zamani au ni za kupamba shoo? Na kama tuni haina maneno, stori inakaa wapi humo ndani?

UpindeNaUzi
Mkuu kabla hujasema ni za kupamba shoo, mtafute John Doherty wa Donegal, kule kaskazini magharibi mwa Ayalandi, alifariki 1980. Huyu hakuwa msanii wa jukwaani kabisa, ukoo wao ni mafundi bati wa kuzunguka, mchana anatengeneza ndoo na makopo ya watu, jioni majirani wanajaa kwenye nyumba aliyofikia wanataka fidla na wanataka visa. Mara nyingi hata fidla habebi maana anajua nyumba gani ina fidla ukutani! Na mafundi hao hao ndio waliokuwa wanatengeneza fidla za bati, sio utani, fidla nzima ya bati, sauti yake nyembamba kidogo lakini inapigika.

Kwa hiyo kwa mtu kama huyo hakuna shoo na hakuna cha kupamba, ni usiku mmoja, moto mmoja, mtu yule yule anasimulia na anapiga. Kaka yake Mickey alirekodiwa mwaka 1949 na ile Tume ya Ngano za Jadi ya Ayalandi, tume ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kukusanya hadithi. Wenyewe wakiona tuni na hadithi ni mzigo mmoja.

Stori inakaa wapi? Sikiliza ile ya mbwa wanaomkimbiza sungura. Upinde unabana, unakwaruza, nyuzi mbili zinapigwa kwa pamoja na unasikia mbwa wanabweka kabisa, kwa mbali, halafu karibu. Hapo maneno ya nini.

Mchimba_Kumbukumbu
Naomba nipingane kidogo na mkuu hapo juu, sio kwa ubaya. Ya mbwa sawa, ile inaiga sauti. Lakini tuni nyingi stori imekuja kubandikwa baadaye. Kuna bwana anaitwa Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork kule Ayalandi, alikuwa mkuu wa polisi Chicago, Marekani, mwaka 1903 akatoa kitabu chenye tuni 1,850. Ukikaa na wapigaji utaona tuni ile ile kijiji hiki ina jina hili, ng'ambo ya mlima ina jina lingine, na kila jina lina stori yake na kila mtu anaapa yake ndo ya kweli. Jina likibadilika stori nayo inahama, tuni ipo pale pale.

Huyo aliyenyongwa nadhani unamsema James Macpherson, jambazi aliyekuwa mpiga fidla. Kunyongwa ni kweli, Banff, Uskoti, mwaka 1700. Sasa wanasimulia kwamba alipiga fidla chini ya mti wa kunyongea, akauliza nani ataichukua, watu kimya, akaivunja. Na kwamba saa ya mji ilisogezwa mbele makusudi ili msamaha ukute keshakufa. Kule Newtonmore kwenye makumbusho ya ukoo wao kuna mabaki wanayosema ndo ya fidla yenyewe. Mimi nikisikia hivyo naguna tu. Ila nikiri, ukishaijua stori, ile tuni huisikii tena kama tuni ya kawaida.

Halafu kuna King of the Fairies, wanasema ikipigwa mara tatu mfululizo kwenye mkusanyiko basi mfalme wa viumbe lazima atokee. Hiyo nayo ni historia jamani?

BintiVisiwani
Kaka Mchimba umebana sana. Swali sio kama ni kweli, swali ni kwa nini wazee hawakusema tu "nimetunga mimi".

Chukua Port na bPúcaí, maana yake ni kama tuni ya mizimu. Inatoka visiwa vya Blasket, pwani ya Kerry. Wanasimulia kwamba watu walikuwa kisiwa cha Inis Mhic Uibhleáin, wakasikia sauti usiku kutoka baharini, hawakuona mtu, mwenye fidla akaifuatilia mpaka akaikamata. Siku hizi wapo wanaosema walikuwa nyangumi, kwa sababu mitumbwi yao ilikuwa ya turubai lililopakwa lami, sauti ya majini inapenya hadi ndani unaisikia chini ya miguu. Mimi naiamini hiyo, na haijaiharibu stori hata kidogo. Ni tuni ya polepole, inapanda inasita, inashuka, kama mtu anayerudia kitu alichokisikia mara moja tu na anaogopa kukikosea. Kisiwa kikubwa cha Blasket kilihamwa 1953, watu hawapo, tuni ipo.

Na hao viumbe usiwaite majini. Kwa Kiayalandi wanawaita watu wema, sio kwa sababu ni wema, ni ili wasiudhike, kama mtu anayeogopa kutaja nyoka usiku anasema kamba. Ukisema tuni ni yao, umeipa heshima na wewe umejiepusha na majivuno. Hayo ndo mawazo yangu.

UpindeNaUzi
Dada umemaliza. Naongeza tu kile cha kilima cha Tomnahurich, Inverness, Uskoti. Wapiga fidla wawili wanakodiwa na mzee wasiyemjua, wanapiga usiku kucha ndani ya kilima, wanalipwa vizuri, asubuhi wanatoka wanakuta miaka mia imepita, mji hawaujui. Wanaingia kanisani, padri anataja jina la Mungu, wanageuka vumbi. Kila mpigaji aliyewahi kukesha kwenye sherehe ya watu anaielewa hii.

Msikilizaji_Tu
Aisee asanteni, sikutegemea haya yote. Ile King of the Fairies nimeisikiliza mara mbili sasa hivi na earphone, taa nimezima. Ya tatu nimeahirisha.

Mchimba_Kumbukumbu
Rekodi haihesabiwi mkuu, lazima ipigwe na mtu.

Msikilizaji_Tu
Umejuaje kama huamini?