Tupeane uzoefu: nyumba janja na ukumbusho wa siku ya kutoa mapipa ya taka

Mleta mada (Uingereza)

Ndugu zangu, naomba tukusanye hapa uzoefu wa wale waliokabidhi mitambo ya nyumbani kazi ya kukumbusha siku ya kutoa mapipa. Kwa sisi tunaoishi Uingereza suala hili lina uzito wake, kwa kuwa katika maeneo mengi ratiba haifanani kila wiki: wiki hii gari huchukua taka za kawaida, wiki ijayo huchukua karatasi na chupa, mabaki ya chakula yana kindoo chake, na rangi za mapipa hutofautiana kutoka halmashauri moja hadi nyingine, kiasi kwamba aliyehamia mji wa jirani hulazimika kujifunza upya. Ukikosa zamu moja, pipa lililojaa hukungoja wiki mbili nyingine.

Mimi ninatumia Home Assistant, programu huria ya kuendesha taa, spika na vifaa vingine vya nyumbani, iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, ambayo nimeiweka kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Nimeiongezea kiunganishi kiitwacho Waste Collection Schedule, ambacho husoma ratiba katika tovuti ya halmashauri na kuigeuza kuwa kalenda. Kwa halmashauri yetu nilichotakiwa kukijaza ni UPRN tu, yaani namba ya pekee inayotambulisha kila anwani nchini humu. Saa moja jioni, siku moja kabla ya gari kupita, taa ya ukumbini huwaka kwa rangi ya pipa linalohusika, na simu yangu pamoja na ya mwenzangu hupokea arifa yenye kitufe cha "Limeshatoka". Taa hairudi katika hali yake mpaka mmoja wetu akibonyeze kitufe hicho. Jambo hilo ninalisisitiza, kwa sababu arifa inayosomwa na kufutwa mtu akiwa ndani ya basi haitoi pipa nje.

Mchangiaji wa kwanza (Ujerumani)

Ahsante kwa mada, ndugu. Huku kwetu wazoaji wengi wa taka hutoa kalenda ya mwaka mzima katika faili la ICS, yaani faili la kalenda linalosomeka na programu nyingi, ambalo unalipakua na kuliingiza kwenye programu hiyo hiyo uliyoitaja. Pipa la kahawia la taka zinazooza, la bluu la karatasi na la njano la vifungashio yote yamo, na tarehe zilizosogezwa kwa ajili ya Pasaka au Krismasi zimekwisha kurekebishwa humo. Kasoro yake ni kwamba faili huishia tarehe 31 Desemba, na baada ya hapo mtambo hunyamaza kana kwamba mtaa mzima hauna taka. Ndiyo maana nimeweka ukumbusho mwingine, wa mwezi Desemba, unaonidai faili la mwaka mpya.

Kuhusu kitufe cha kwenye simu, mimi sikiamini sana, maana mtu anaweza kukibonyeza akiwa amekaa kitini. Nimebandika lebo ya NFC (kibandiko ambacho simu hukisoma ikisogezwa karibu nacho) kwenye lango ambapo mapipa hupitia, na taa huzimika pale tu simu inapoigusa lebo hiyo.

Mchangiaji wa pili (Uingereza)

Ninaunga mkono hoja ya ukimya, na ningependa tuitafakari zaidi kuliko rangi za taa. Halmashauri ninayoishi ilibadilisha muundo wa tovuti yake bila taarifa, na kiunganishi kikashindwa kuisoma. Amri niliyokuwa nimeiandika ilisema taa iwake siku zilizobaki zikiwa 1. Kwa kuwa hapakuwa na namba yoyote, sharti halikutimia na taa haikuwaka. Nilitambua asubuhi nilipoona mapipa ya majirani yamepangwa barabarani. Sasa nina amri ya pili ambayo haijali ni siku gani: tarehe ijayo ikikosekana, au ikiwa ni tarehe iliyokwisha kupita, simu yangu hupokea onyo. Kwa maoni yangu, asiyeweka amri hiyo ajihesabu kuwa bado hajamaliza kazi. Wiki ya Krismasi, hata mtambo ukiwa mzima, mimi husoma tangazo la halmashauri na kulinganisha tarehe mwenyewe.

Mchangiaji wa tatu (Nairobi)

Katika mtaa wetu taka huzolewa na kampuni binafsi kwa siku maalumu, na hakuna tovuti ya kusoma. Spika ya jikoni hutangaza usiku wa kuamkia siku hiyo, lakini stima ikipotea spika nayo hunyamaza, kwa hiyo tangazo la kutegemewa ni lile linalojirudia kila wiki katika kalenda ya simu.

Mchangiaji wa nne (Uingereza)

Mimi ninaishi na mama yangu mzazi, ambaye hasomi Kiingereza na hapendi simu, lakini ndiye anayeshinda nyumbani na ndiye aliyependa kuishika kazi hii. Nilirekodi sauti yangu kwa kila pipa, "Mama, kesho ni zamu ya pipa la kijani," na programu huicheza rekodi inayofaa kwenye spika ya sebuleni baada ya sala ya magharibi. Linalonisumbua ni kwamba hana namna ya kuujulisha mtambo kuwa amemaliza, na mimi huendelea kupokea arifa nikiwa kazini zamu ya usiku. Je, kuna njia isiyohitaji simu?

Mleta mada

Ipo, dada. Tafuta kitufe kidogo cha betri kinachotumia Zigbee (mawasiliano ya redio ya masafa mafupi kati ya vifaa vya nyumbani), pamoja na kipokezi chake cha kuchomeka kwenye kompyuta unayotumia, kisha ukibandike kitufe hicho kando ya mlango wa nyuma, usawa wa mkono wa mama. Akirudi ndani atakibonyeza mara moja, na mtambo utafuta arifa zako. Mawasiliano hayo hayapitii intaneti, hivyo hata mtandao ukikatika mbonyezo wake utapokelewa.