Naomba ushauri: kaseti ya marehemu baba, sehemu ya mwisho ikatwe au iachwe?

Mkazi wa Kondele:
Hamjambo wanajukwaa. Nina kaseti halisi ya Prisoner, ile albamu ya Lucky Dube, mwanareggae wa Afrika Kusini, iliyotoka mwaka 1989, ambayo marehemu baba yangu aliinunua hapa Kisumu na kuipiga katika lori lake kati ya Mombasa na Busia kwa miaka mingi. Sisi watoto tuliziimba nyimbo zake zote kabla hatujajua Kiingereza cha kutosha kuzielewa, na hata leo wimbo mmojawapo ukipigwa ndani ya matatu, mimi husikia harufu ya dizeli na ya mkate aliokuwa akitushushia. Juzi utepe ulianza kumezwa na redio, nikauokoa kwa kuuzungusha taratibu kwa biki, kwa hiyo nataka nyimbo zihamishiwe kwenye simu. Swali langu ni hili: je, fundi anaweza kukata dakika chache za mwisho za upande B na kukitupa kipande hicho bila kudhuru nyimbo? Tafadhali nijibuni mapema, kwani Jumapili ninaipeleka kwa fundi, soko la Kibuye.

Mama Nyalenda:
Pole kwa kufiwa na mzazi, hata kama ni siku nyingi. Kwangu mimi albamu kubwa ni Slave ya mwaka 1987. Mume wangu alikuwa mnywaji, na jioni moja jirani alimfafanulia kwa Kijaluo maneno ya wimbo uliobeba jina la albamu hiyo, kwamba ni mtu anayelia kwa kuwa amegeuka mtumwa wa pombe. Alinyamaza, akaenda kulala bila kula. Sisemi kwamba aliacha siku hiyo, kwani ilimchukua miaka mingine miwili, lakini tangu hapo kila aliporudi amelewa alipita kando ya redio bila kuigusa. Zihifadhini kaseti hizi, wanangu.

Fundi wa Redio:
Ndugu, usikubali mtu akate. Utepe wa kaseti ni mmoja tu, na upande A na upande B ni njia mbili zilizolala sambamba juu yake, moja ikienda na nyingine ikirudi, kiasi kwamba mwisho wa upande B uko palepale ulipo mwanzo wa upande A. Utepe huo hupita sentimita 4.76 kwa kila sekunde. Ukikata dakika nne, umetupa zaidi ya mita 11, na wimbo wa kwanza wa albamu umekwenda nazo. Kuhusu kumezwa, mara nyingi kosa ni la gurudumu la mpira lililochakaa ndani ya redio, au ganda la kaseti lililopinda kwa joto la gari. Utepe huhamishiwa kwenye ganda jipya, kichwa cha redio kikasafishwa kwa pamba na spiriti, kazi ikaisha. Lakini kaseti ya dukani huishia kwa kimya. Wewe unataka kukata kimya cha nini?

Mkazi wa Kondele:
Ahsante fundi. Kuna mazungumzo kidogo ya nyumbani yaliyorekodiwa pale mwishoni. Si jambo kubwa.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega:
Mwanangu, mtu hapeleki sauti ya marehemu baba yake ikakatwe halafu akasema si jambo kubwa. Lucky Dube alipouawa kwa risasi kule Johannesburg tarehe 18 Oktoba 2007, niliwakuta wanafunzi wangu wa kidato cha nne wameiacha hesabu na kukaa kimya, na sikuwaadhibu, kwa sababu nami nilitamani kukaa nao. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ni sauti ya nani, na inasema nini?

Mkazi wa Kondele:
Mwalimu, kwa heshima yako nitasema. Baba alikuwa na nyumba ya pili Nakuru, na huko kuna binti ninayemzidi kwa miaka sita. Katika dakika zile nne baba anazungumza naye kwa jina, wala si nasi. Anamwomba radhi kwa kukosa kufika alipoahidi, kisha anamwambia kwamba kaseti hii ni yake. Aliirekodi nyumbani kwetu, maana nyuma ya sauti yake zinasikika kuku na sufuria za mama, lakini hakuituma hadi alipofariki mwaka 2011. Mwaka huu binti huyo alinitafuta kwa simu, akaniuliza kuhusu kaseti ambayo baba aliwahi kumtajia, nami nikamjibu kwamba iliharibiwa na mvua. Kabla hamjanihukumu, fahamuni kwamba mama yangu yu hai, ana presha, na jina la binti huyo halijawahi kutajwa chini ya paa letu. Mimi ndiye niliyemuuguza baba. Nyimbo zikibaki zinanitosha, na lile neno kwamba imeharibika litakuwa kweli baada ya Jumapili.

Mama Nyalenda:
Mama yako asiguswe. Mwanamke aliyepika huku mumewe akinong'ona maneno hayo chumba cha pili amekwisha kubeba mzigo wa kutosha.

Msikilizaji Makini:
Ninaomba radhi, lakini mimi siamini. Katika albamu hiyohiyo kuna Remember Me, ambamo mtoto anamlilia baba aliyekwenda mjini asirudi, na mama anafariki baada ya kusikia kwamba mumewe ameoa tena. Mwandishi ameuchukua wimbo akautia Nakuru na presha ya mama. Isitoshe, kaseti ya dukani haina vile vishikio viwili vya plastiki kwenye ukingo wake wa nyuma, na bila hivyo kitufe cha kurekodi hakibonyezeki. Baba alirekodije?

Fundi wa Redio:
Tundu la kishikio kisichokuwepo huzibwa kwa karatasi iliyokunjwa au kwa selotepu, redio ikadanganyika. Tulifanya hivyo sana. Mwenye kaseti atuambie anachokiona.

Mkazi wa Kondele:
Ninayo mkononi. Upande B tundu limezibwa kwa plasta ya kidonda, ile ya rangi ya ngozi, imekauka na kingo zake zimeshika vumbi jeusi. Upande A tundu liko wazi. Kuhusu wimbo uliotajwa, baba hakutuachia tuusikilize hadi mwisho hata siku moja. Alikuwa akinyoosha mkono na kusogeza mbele, nasi tulidhani hapo utepe umeharibika. Nimeusikia mzima mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, katika kinyozi kimoja hapa Kondele, nikashindwa kuinuka kwenye kiti.

Msikilizaji Makini:
Basi ninaondoa neno langu, na unisamehe.

Binti wa Section 58:
Mimi si huyo binti, ila nimelelewa Nakuru katika nyumba kama ile. Baba yetu tulimzika tukiwa tumesimama nyuma ya watu wa mahema, na hakuna aliyetupatia hata kofia yake. Kaka, mama yako hana haja ya kusikia chochote. Anayeitwa kwa jina katika utepe huo ni mmoja, na tayari ameuliza.

Mkazi wa Kondele:
Dada, usidhani kwamba sijalifikiria hilo. Nilipomwambia kuhusu mvua alinyamaza, kisha akaniuliza kama nilikuwa nimeisikiliza kabla haijaharibika. Nilikata simu.

Fundi wa Redio:
Usiirudishe nyuma tena kwa redio hiyo. Ilete Jumapili kama ilivyo, nitaihamisha pande zote mbili hadi mwisho. Unataka nakala ngapi?

Mkazi wa Kondele:
Mbili. Ya pili usiiandike jina kwanza.